Nafuu za Bajeti kwa Kaya Uchumi Unapodorora: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nchini Kenya

Kila bajeti ikisomwa, maswali ni yale yale: nani anasaidiwa, pesa zinapitia wapi, na mbona kwetu hazikufika. Majibu yaliyo hapa yanategemea zaidi hatua za 2020, wakati wa korona, kwa kuwa mwaka huo serikali ya Kenya ilitumia karibu kila njia iliyo nayo kwa pamoja. Ruzuku za 2021 na 2022 zinafuata. Maswali yana nambari ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine.

## Mambo ya msingi

1. Nafuu ya bajeti ni nini hasa?

Ni uamuzi wa serikali wa kukuachia pesa ambazo ingekutoza, kukupa pesa au kazi ambayo hukuwa nayo, au kulipia sehemu ya bei ya kitu unachonunua. Kupunguza ushuru wa mshahara ni mfano wa kwanza. Inua Jamii (swali la 13) na Kazi Mtaani (swali la 15) ni mifano ya pili. Ruzuku ya unga au mafuta ni ya tatu. Kando ya hizo kuna hatua za Benki Kuu kuhusu mikopo na M-Pesa, ambazo hazimo katika bajeti lakini zinagusa mfuko wako moja kwa moja.

Kwa kila hatua, uliza kwanza inapitia wapi kabla ya kuuliza ni mabilioni mangapi. Nafuu ya ushuru wa mshahara hupitia kwa mwajiri. Pesa za wazee hupitia kwenye orodha ya serikali. Ruzuku ya petroli hupitia kwenye pampu. Asiye na mwajiri, asiye kwenye orodha na asiye na gari anaweza kusikia mabilioni yakitangazwa asione hata shilingi. Hayo ndiyo yaliyowapata Wakenya wengi 2020, na ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye njia.

2. Bajeti husomwa Juni. Mbona nafuu za korona zilianza mapema?

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Dharura ikitokea katikati, Hazina ya Kitaifa huandaa bajeti ya nyongeza. Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu serikali kutumia pesa ambazo Bunge halijaidhinisha, mradi zisizidi asilimia 10 ya kiasi kilichoidhinishwa kwa mwaka huo, kisha itafute idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili tangu pesa za kwanza kutolewa.

Ushuru una kanuni yake. Kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru unaoweza kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Rais alitangaza nafuu tarehe 25 Machi 2020. VAT, yaani ushuru wa ziada ya thamani, ilishuka 1 Aprili kwa sababu sheria ya VAT tayari inampa Waziri wa Fedha uwezo wa kubadilisha kiwango kwa robo yake, juu au chini, kwa notisi. Ushuru wa mshahara haukuwa na mlango huo. Ulisubiri Bunge, na sheria ikatiwa saini 25 Aprili 2020.

3. Kwa ufupi, ni nini kilichotangazwa 2020?

Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa 13 Machi, na kafyu ikaanza 27 Machi. Tangazo la 25 Machi lilikuwa na mambo haya: kuwaondolea ushuru wote wanaopata hadi KSh 24,000 kwa mwezi, kushusha kiwango cha juu cha PAYE, yaani ushuru wa mshahara unaokatwa na mwajiri, kutoka asilimia 30 hadi 25, kushusha ushuru wa kampuni kwa kiasi hicho hicho, kupunguza ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1, VAT kutoka 16 hadi 14, na KSh bilioni 10 za ziada kwa wazee, mayatima na wengine walio katika hali ngumu.

Tarehe 23 Mei ukafuata mpango wa kufufua uchumi wa KSh bilioni 53.7. Huo ulielekezwa zaidi kwenye sekta: kuajiri walimu 10,000, mikopo nafuu kwa hoteli, pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000, ukarabati wa barabara na madaraja kwa kutumia vibarua wa hapo hapo. Kaya zilitarajiwa kufikiwa kupitia ajira na biashara hizo.

4. Je, serikali ina wajibu wa kusaidia, au ni hisani?

Ni wajibu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba serikali itawapa hifadhi hiyo watu wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Katiba haitaji kiasi wala tarehe, na hapo ndipo mvutano wa kila bajeti ulipo. Lakini mama aliyepoteza kazi ya kufua nguo kwa sababu ya kafyu hakuwa akiomba zawadi, na kwenye ofisi ya chifu hakustahili kuambiwa ashukuru tu.

## Ushuru wa mshahara

5. Ni nani hasa aliacha kulipa PAYE?

Aliyekuwa na mapato ya kutozwa ushuru yasiyozidi KSh 24,000 kwa mwezi. Sheria haikusema "msamehewe" kwa maneno hayo. Ilipanua ngazi ya kwanza, ya asilimia 10, hadi KSh 24,000, ikaongeza nafuu ya kibinafsi kutoka KSh 1,408 hadi 2,400 kwa mwezi. Asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400. Ukiondoa nafuu ya 2,400, unabaki na sufuri.

6. Mimi nalipwa KSh 24,500. Nilikosa nafuu kwa sababu ya hizo 500?

La. PAYE hutozwa kwa ngazi. Ushuru wa shilingi 24,000 za kwanza ulifutwa na nafuu ya kibinafsi kama ilivyoelezwa katika swali la 5. Zile 500 zilizobaki ndizo zilizoingia ngazi ya pili, ambayo 2020 ilikuwa asilimia 15. Ulilipa KSh 75. Hakuna mtu aliyerudi nyumbani na pesa pungufu kwa kuongezewa mshahara kidogo, ingawa hofu hiyo ilienea sana.

7. Nani alifaidi zaidi, mwenye mshahara mdogo au mkubwa?

Kwa asilimia ya mshahara, walifaidi karibu sawa. Kwa shilingi, mwenye mshahara mkubwa alifaidi zaidi, na kwa mbali. Hesabu zifuatazo zinachukulia mapato ya kutozwa ushuru, bila makato mengine.

Mwenye KSh 24,000 alikuwa akilipa karibu KSh 1,583 kabla ya Aprili 2020, akaacha kulipa. Mwenye KSh 50,000 alikuwa akilipa karibu 7,656, ikashuka hadi 4,367: alibaki na karibu 3,290 zaidi kila mwezi. Mwenye KSh 100,000 alitoka karibu 22,656 hadi 16,500, yaani zaidi ya 6,100 mkononi.

Weka hiyo 6,100 kando ya KSh 2,000 anazopewa mzee kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Mtu aliyekuwa bado na kazi yenye mshahara mzuri aliachiwa na serikali mara tatu ya alichopewa nyanya asiye na chochote. Yule wa kwanza hakufanya kosa lolote. Ushuru ni njia ya haraka kwa sababu mfumo upo tayari, lakini ni njia inayoanzia kwa wenye nacho.

8. Ninauza mboga, na mume wangu ni bodaboda. Mbona hatukuona nafuu ya ushuru?

Kwa sababu hamkuwa mkilipa PAYE. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, kwa takwimu za KNBS, shirika la takwimu la taifa, ziko katika sekta isiyo rasmi: jua kali, mjengo, mama mboga, vibarua. Watu hawa hawana hati ya mshahara, kwa hivyo hakukuwa na mahali pa kupunguziwa. Ushuru wa mauzo uliopunguzwa hadi asilimia 1 uliwahusu wenye biashara za kuanzia KSh milioni 1 kwa mwaka, na kibanda cha mboga kwa kawaida hakifiki huko.

Zilizoweza kuwafikia ni njia nyingine: kutuma pesa bila ada (swali la 19), malipo ya dharura (swali la 14) au kazi za mtaani (swali la 15).

9. Nafuu ya PAYE iliisha lini? Kuna kilichobaki?

Iliisha 1 Januari 2021, siku ile ile VAT iliporudi asilimia 16. Sheria ya Desemba 2020 ilirudisha kiwango cha juu cha asilimia 30, na ikakianzisha mapema zaidi kuliko awali: kwa kila shilingi inayozidi KSh 32,333, wakati kabla ya korona ilikuwa kuanzia KSh 47,059.

Kilichobaki ni nafuu ya kibinafsi ya KSh 2,400. Kwa hiyo mwenye KSh 24,000 aliendelea kutolipa. Lakini yule wa KSh 50,000 alirudi kulipa karibu 7,383, akabakiwa na takriban KSh 270 tu kati ya zile 3,290. Watu wengi wa kipato cha kati waliona mshahara wa Januari umepungua wakadhani mwajiri amewakata. Ilikuwa sheria. Ushuru wa mauzo ulidumu kwenye asilimia 1 hadi Sheria ya Fedha ya 2023 ilipourudisha asilimia 3.

10. Nilikuwa na kazi mbili ndogo, kila moja KSh 15,000. Nilistahili kutolipa?

Nafuu ya kibinafsi hutolewa mara moja, kwa mwajiri mmoja. Mapato yako yote kwa mwezi ni 30,000, na ndiyo KRA, mamlaka ya ushuru, inayoangalia unapojaza ritani ya mwaka. Kama waajiri wote wawili walikupa nafuu, utadaiwa tofauti.

## VAT na bei za dukani

11. VAT ilishuka hadi asilimia 14. Mbona bei hazikushuka?

Sababu ya kwanza ni kwamba vitu muhimu vya jikoni havikuwa na VAT tangu mwanzo. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida vilikuwa kwenye kiwango cha sufuri, na mboga mbichi za sokoni hazitozwi. Huwezi kupunguza kisichokuwepo.

Sababu ya pili ni ukubwa wa nafuu yenyewe. Kitu kilichouzwa KSh 1,160 pamoja na VAT kilipaswa kushuka hadi 1,140. Hiyo ni chini ya asilimia 2, na mwenye duka aliyepandishiwa gharama ya usafiri au aliyepoteza wateja aliweza kuimeza yote bila wewe kujua. Hakuna sheria iliyomlazimisha akupitishie. Faida ya kupunguza VAT humfikia zaidi anayenunua kwa wingi vitu vyenye VAT, na huyo si mtu anayenunua mafuta ya kupikia ya kupima.

12. Gesi ya kupikia ilikuwaje?

Ilikwenda upande wa pili kabisa. Gesi haikuwa na VAT wakati korona ilipoingia. Sheria zilizoletwa 2020 zililenga kuitoza, utekelezaji ukasogezwa, na tarehe 1 Julai 2021 ikaanza kutozwa asilimia 16 wakati kaya zilikuwa bado hazijasimama. Julai 2022 ikashuka hadi asilimia 8, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha sufuri. Sheria hiyo hiyo ya 2023 ilipandisha VAT ya petroli, dizeli na mafuta taa kutoka asilimia 8 hadi 16.

## Pesa mkononi na kazi za muda

13. Inua Jamii ni nini, na nani anastahili?

Ni mpango wa kudumu wa kutuma pesa, uliokuwepo kabla ya korona. Una makundi matatu: kaya zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu, watu wenye ulemavu mkubwa, na wazee wa miaka 70 na zaidi. Kiasi ni KSh 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi kimelipwa kwa mkupuo wa miezi miwili au zaidi. Tangu 2018 wazee wote wa umri huo wasio na pensheni walilengwa, si maskini pekee, na waliosajiliwa katika makundi yote wamekuwa zaidi ya milioni moja.

Kaunti nne za kaskazini, Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, ndiko ulikoanzia mpango mwingine wa kukabili njaa, HSNP, ambao ulilipa KSh 5,400 kwa kila miezi miwili. Huo una jambo ambalo mipango mingine ingefaa kuiga: kaya zilisajiliwa mapema kwa wingi, hata zile zisizolipwa kila mara, ili ukame ukija malipo yaongezwe bila kuanza kuandikisha watu upya. Orodha iliyotengenezwa siku ya njaa hutengenezwa vibaya.

14. Vipi kuhusu zile KSh 1,000 kwa wiki za wakati wa korona?

Huo ulikuwa mpango tofauti wa dharura, uliolenga kaya ambazo hazikuwa kwenye Inua Jamii, na pesa zilitumwa kwa simu. Wazo lilikuwa zuri kwa sababu lilimlenga hasa mtu asiye na mwajiri. Orodha ndiyo iliyouangusha. Majina yalikusanywa mtaani kupitia machifu, wazee wa mtaa na watu wa Nyumba Kumi (mpango wa usalama wa majirani), kwa haraka, na vigezo havikubandikwa mahali ambapo kila mtu angeviona.

Ripoti ya shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch ya Julai 2021 ilieleza kwamba ni sehemu ndogo tu ya familia za mitaa ya mabanda ya Nairobi iliyopata, na kwamba baadhi ya maafisa waliingiza jamaa na marafiki. Watu waliandikishwa, wakasubiri, na hawakuambiwa lolote. Wengine walipokea wiki chache kisha kimya. Nyumba mbili zinazopakana, zenye dhiki ile ile, moja ikapata na nyingine ikakosa bila maelezo. Hilo lilivunja imani ya watu kwa namna ambayo bado inasikika kila orodha mpya inapoanza kuandikwa.

15. Kazi Mtaani ililipa kiasi gani, na ilichukua nani?

Ililenga vijana wa miaka 18 hadi 35 wa mitaa ya mabanda: kuzibua mitaro, kufyeka, kuzoa taka, kukarabati vijia. Awamu ya kwanza ilianza mwisho wa Aprili 2020 katika kaunti nane, zikiwemo Nairobi, Mombasa, Kisumu, Kilifi na Mandera. Awamu ya pili, Julai mwaka huo, ilipewa KSh bilioni 10, ikaenezwa kaunti zote na kuchukua zaidi ya vijana 200,000. Malipo ya awamu hiyo yalikuwa KSh 455 kwa siku na 505 kwa msimamizi. Kazi ilikuwa ya zamu, kwa hivyo usizidishe 455 kwa siku 30.

Malipo yalichelewa mara kwa mara. Hata hivyo, kati ya hatua zote za 2020, hii ndiyo iliyofika karibu zaidi na kijana asiye na hati yoyote ya ajira. Ilihitaji kitambulisho, laini ya simu na mikono. Ilistahili kudumu kuliko ilivyodumu.

16. Nyanya ana miaka 69 na hali ni mbaya. Atasubiri hadi 70?

Kwa kundi la wazee, ndiyo, umri unasomwa kwenye kitambulisho. Lakini angalia kama kaya yake inaingia kundi jingine: kama analea wajukuu mayatima, au kama ana ulemavu mkubwa. Pia hakikisha mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho ni sahihi. Wazee wengi waliandikiwa miaka ya kukisia, na kusahihisha huchukua muda, kwa hivyo msingoje mwezi wa usajili.

17. Mzee anapokea pensheni ndogo ya serikali. Anaweza kupata Inua Jamii pia?

Vigezo vya kundi la wazee vinamwondoa anayepokea pensheni. Kwa mwenye pensheni ya shilingi chache hilo ni jambo gumu kulikubali, lakini ndivyo vigezo vilivyo.

## Mikopo, M-Pesa na kodi ya nyumba

18. Niliambiwa sitaandikwa CRB. Mbona niliandikwa?

CRB ni ofisi zinazoweka rekodi za wanaolipa na wasiolipa mikopo. Angalia tarehe. Usitishaji wa kwanza wa kuandika watu huko ulianza 1 Aprili 2020 na ukadumu miezi sita, kwa mikopo iliyochelewa katika kipindi hicho. Mwisho wa 2021 ukaja mwingine, kwa mikopo ya chini ya KSh milioni 5, wa miezi 12. Aliyekuwa ameandikwa kabla, au aliyechelewa katikati ya vipindi hivyo, hakulindwa. Na usitishaji haukufuta deni. Riba iliendelea kama mkataba ulivyosema.

Jambo jingine la wakati huo lilisaidia wengi zaidi: Benki Kuu ilizuia deni la chini ya KSh 1,000 kupelekwa CRB, na ikawaondolea wakopeshaji wa programu za simu wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina huko.

Aliyekuwa na mkopo wa benki uliokuwa ukilipwa vizuri kufikia 2 Machi 2020 aliweza kuomba muda wa malipo urefushwe hadi mwaka mmoja, na gharama za mabadiliko hayo zikabebwa na benki. Hilo nalo lilikuwa la wenye mikopo ya benki. Mwenye deni la chama au la duka la mtaani alibaki kuzungumza na waliomkopesha.

19. Kutuma pesa bure kulidumu hadi lini?

Kuanzia 17 Machi 2020, kutuma hadi KSh 1,000 kwa simu hakukuwa na ada. Mwanzoni ilikuwa ya siku 90, kisha ikaongezwa hadi 31 Desemba 2020. Baada ya hapo kilichobaki bure ni kutuma hadi KSh 100.

Hatua hii haikuigharimu bajeti, lakini kwa mama mboga aliyepokea mauzo ya 50 na 100 siku nzima, na kwa kijana aliyetumia wazazi 500 kijijini, ilikuwa nafuu ya kila siku. Haikuhitaji orodha wala fomu. Ukiwa na simu, ulikuwa ndani.

20. Je, kodi ya nyumba ilisimamishwa?

Hapana. Hakukuwa na amri ya nchi nzima ya kusamehe wala kuahirisha kodi ya nyumba. Waliosamehewa walisamehewa na wenye nyumba wao kwa hiari. Hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika hatua za 2020, kwa sababu mjini kodi ndiyo inayomfukuza mtu kwanza, kabla hata ya njaa.

21. Hustler Fund ni nafuu ya bajeti?

Ni mkopo wa serikali unaotolewa kwa simu. Ulizinduliwa 30 Novemba 2022, wa KSh 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, wa kulipwa ndani ya siku 14, na asilimia 5 ya unachokopa huwekwa akiba. Ni rahisi kuliko mikopo mingi ya simu. Lakini mtu asiye na kipato akikopa kula, baada ya wiki mbili ana njaa na deni.

## Ruzuku

22. Unga wa KSh 100 ulikwenda wapi?

Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ilitangaza pakiti ya kilo mbili ishuke kutoka takriban KSh 205 hadi 100, kwa wiki nne. Serikali iliahidi kuwalipa wasagaji tofauti. Katika maduka mengi unga huo haukuonekana, au uliisha asubuhi. Aliyepata ni aliyeweza kufika supamaketi mapema na kununua pakiti kadhaa. Anayenunua unga wa kupima dukani mtaani alibaki na bei ile ile. Kwenye hotuba yake ya kuapishwa, 13 Septemba 2022, Rais William Ruto alisema ruzuku hiyo ilikula KSh bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila matokeo.

23. Na ruzuku ya mafuta? Ilimsaidia maskini?

Ilimsaidia, lakini ilimsaidia tajiri zaidi. Ilianza 2021 kwa pesa za Hazina ya Maendeleo ya Petroli, ambayo hujazwa na tozo ya KSh 5.40 kwa kila lita ya petroli na dizeli: pesa zako mwenyewe za pampu zikirudi kwako. Kufikia Septemba 2022, kwa hesabu iliyotolewa kwenye hotuba hiyo hiyo ya kuapishwa, ilikuwa imegharimu KSh bilioni 144, zikiwemo bilioni 60 katika miezi minne ya mwisho.

Chukua ruzuku ya KSh 20 kwa lita. Anayejaza tangi la lita 50 anapata KSh 1,000. Anayenunua nusu lita ya mafuta taa anapata KSh 10. Kweli nauli ya matatu hupanda mafuta yakipanda, na hilo humgusa kila mtu, kwa hivyo kuiondoa ghafla kunaumiza. Bei za 15 Septemba 2022 zilionyesha hivyo: petroli Nairobi ilitoka KSh 159.12 hadi 179.30, na mafuta taa, ingawa bado yalikuwa na ruzuku, yakatoka 127.94 hadi 147.94. Anayepikia mafuta taa alibeba ongezeko karibu sawa na mwenye gari.

24. Mbolea ya bei nafuu?

Septemba 2022 gunia la kilo 50 lilishushwa kutoka KSh 6,500 hadi 3,500, na 2023 hadi 2,500. Lengo ni chakula kishuke bei msimu unaofuata, kwa hivyo kaya ya mjini isitarajie matokeo mwezi huo huo. Mwaka 2024 ilibainika kuwa mbolea bandia iliuzwa ndani ya mpango huo, na mkulima aliyeipanda alipoteza msimu mzima.

## Gharama, na hali za pembeni

25. Nani alilipia yote hayo?

Mikopo kwanza. Mei 2020 Shirika la Fedha Duniani (IMF) lilitoa dola milioni 739 za dharura na Benki ya Dunia dola bilioni 1. Aprili 2021 IMF iliidhinisha mpango wa dola bilioni 2.34, ambao ulikuja na ahadi za serikali kukusanya zaidi na kutumia kidogo. Baadaye, walipa ushuru. Ushuru mpya ulipitishwa hata kabla nafuu haijaisha: Sheria ya Fedha ya 2020 ilileta ushuru wa huduma za kidijitali na ushuru wa chini wa asilimia 1 ya mauzo, ambao Mahakama Kuu iliubatilisha 2021. Hasira ya Juni 2024, iliyofanya Mswada wa Fedha, ambao mwanzoni ulikuwa na VAT ya mkate, uondolewe, ilikuwa na mizizi katika miaka hiyo.

26. Nina ulemavu na nimeajiriwa. Kuna nafuu isiyotegemea dharura?

Ipo. Ukiwa na cheti cha KRA cha kusamehewa ushuru kwa sababu ya ulemavu, KSh 150,000 za kwanza za mapato yako kwa mwezi hazitozwi PAYE. Cheti kina muda wake, kwa hivyo kihuishe kabla hakijaisha.

27. Mtu ameniambia nilipe KSh 200 ili jina liingie kwenye orodha. Ni kweli?

Ni ulaghai. Usajili wa Inua Jamii ni bure. Usitoe PIN ya M-Pesa kwa yeyote, hata akijitambulisha kama afisa wa serikali.

28. Tuliandikwa, tukaachwa, na hatujaambiwa sababu. Tufanye nini?

Anzeni kwa afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo, na si mzee wa mtaa peke yake, kwa kuwa mzee huyo ni miongoni mwa walioandika orodha ya kwanza. Pelekeni kwa maandishi: majina, nambari za vitambulisho, tarehe mliyoandikishwa na aliyewaandikisha. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Mnaweza kuomba vigezo vilivyotumika katika kata yenu, idadi ya waliochaguliwa, na sababu ya kaya yenu kuachwa. Majina ya wengine yanaweza kufichwa kwa faragha, lakini vigezo na idadi si siri. Siku 21 zikipita bila jibu, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama ofisi ya Ombudsman, na kuyapeleka huko hakuna malipo.